Nilitolewa Kizazi, Saratani Ikarudi

Nilikuwa nimekoma hedhi miaka mitatu siku damu iliponitoka kwenye kiti cha basi la shule. Majani yalikuwa yameanza kupukutika. Nilikuwa nimeshusha watoto wote na kurudisha basi yadini hapa Fridley, yaani maegesho ya mabasi, nikapita kiti kwa kiti kuangalia kama hakuna mtoto aliyesinzia akabaki, kama tunavyotakiwa. Niliporudi mbele kuchukua chupa yangu ya chai, nikaona doa kwenye kiti cha dereva. Nikadhani mtoto kamwaga juisi. Nikaligusa. Halafu nikajipapasa suruali kwa nyuma.

Nilicheka. Kweli, nilisimama mwenyewe ndani ya basi tupu nikacheka. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, nina binti chuoni, na mwili unanifanyia mambo ya msichana wa darasa la saba.

Jina langu ni Atupele, ila kanisani wananiita Mama Furaha. Kwetu ni Tukuyu, na huku Minnesota, Marekani, nimeshaishi muda wa kutosha kuijua baridi yake. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa naumwa nilitafuta mtu anayesema Kiswahili aliyepitia ugonjwa huu, nikamkosa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba walikuwepo, tena wengine jirani kabisa. Walikuwa wamenyamaza tu.

Hata mimi nilinyamaza. Wiki kadhaa nilivaa pedi za binti yangu na suruali nyeusi, nikajiambia ni uchovu, ni uzee, ni kahawa. Siku moja Furaha akaniuliza mbona pedi zake zinaisha. Nikamwambia ukweli. Kesho yake akanipeleka kliniki mwenyewe.

Nesi aliniuliza kama nahitaji mkalimani. Kiingereza cha basini ninacho: kaa chini, funga mkanda, acha kumpiga mwenzako. Cha sehemu za siri sina. Nikasema ndiyo. Akasukuma ndani kompyuta yenye magurudumu, na kwenye kioo akatokea mkalimani. Mwanaume! Kijana aliyevaa tai, Kiswahili chake cha Mombasa kimenyooka, akaniamkia, "Shikamoo, mama." Mimi nimelala chali, shuka nusu, miguu juu.

"Marahaba," nikajibu, maana ningefanyaje?

Nadhani aliusoma uso wangu. Akasema, "Mama, nitageuka nitazame ukuta. Masikio tu ndiyo yatakuwa na wewe." Akageuka kweli, nikaona kisogo chake mpaka mwisho. Simjui jina, lakini namwombea.

Walikata kinyama kutoka ndani ya kizazi. Maumivu yake ni kama uchungu wa kuzaa uliobanwa ukawa wa dakika moja. Siku chache baadaye wakaniita, wakaniambia ni saratani. Si ile ya mlango wa kizazi ambayo wengi tumeisikia. Yangu ilianzia ndani, kwenye utando wa kizazi chenyewe. Nilitoka na neno hilo hadi kwenye maegesho ya magari, ambako mume wangu alikuwa ananisubiri injini ikiunguruma. Baba Furaha hakuwa mtu wa kuingia kwenye kliniki za wanawake. Alisema mle ndani anajiona kama mwizi.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Kansa."

Akazima gari. Tukakaa vioo vikaanza kuganda ukungu, hakuna aliyekumbuka kuwasha tena.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini. Alichora kizazi changu kwenye karatasi ya kitanda nilichokalia. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupasua tumbo kwa mkato mrefu, nilale hospitali siku kadhaa. Ya pili ni matundu madogo tumboni, mikono ya roboti inaingia, yeye anaiongoza akiwa kwenye mashine pembeni. Kizazi kingekatwa pale juu ya uke na kutolewa kizima kwa njia hiyohiyo ya uke, pamoja na mirija, ovari na tezi chache za kupimwa. Akasema kwa saratani ambayo bado iko ndani ya kizazi, njia ya matundu huwafaa wengi sawa na ile nyingine, na watu hupona haraka.

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu: haraka.

Wifi yangu Tusa, dada yake Baba Furaha, hakukubali. Yeye anakaa Woodbury na ni nesi kwenye nyumba ya wazee. Alikuja na sufuria ya ndizi, akakaa jikoni kwangu bila kuvua koti.

"Wifi, kansa inafunguliwa tumbo, waone kila kona. Unakubalije waingie kwa vitundu, kama wanazibua sinki?"

"Siku hizi ndivyo wanavyofanya, wifi."

"Siku hizi, siku hizi," akasema. Akafunika sufuria.

Nilipasuliwa Novemba, kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Nilipozinduka, kilichoniuma kuliko vyote ni bega. Nikadhani wamekosea, wamepasua bega. Nesi akaniambia ni hewa waliyojaza tumboni ili wapate nafasi ya kufanyia kazi, inapanda juu kabla ya kuisha. Kesho yake nilikuwa nyumbani. Baba Furaha, ambaye hajawahi kunifunga hata kitenge, alipiga magoti akanivalisha soksi. Alivisha ya kushoto mguu wa kulia, nikamwacha.

Majibu ya maabara yakaja mazuri. Uvimbe ulikuwa haujazama sana, tezi zilikuwa safi. Hakuna mionzi, hakuna dawa za kemo, nirudi tu kupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Daktari akasema hatari ya kurudi ipo, lakini ni ndogo.

Dada yangu unayesoma, hapo ndipo nilipojidanganya. Neno "ndogo" lilipoingia sikioni mwangu liligeuka "hakuna".

Pasaka ile nikasimama kanisani kwetu Brooklyn Park nikatoa ushuhuda. Nikasema nimepona. Nikasema Mungu alitumia hata roboti. Watu walipiga vigelegele, kina mama wakanizunguka na vitambaa vyao, Mchungaji akafuta machozi. Tusa naye alikuwepo, akacheza mpaka kilemba kikamtoka. Kiangazi chote nilikaa juu ya furaha hiyo. Nilirudi kwenye basi shule zilipofunguliwa, tumbo langu limebaki na vikovu kama vya kuumwa na siafu.

Januari, kwenye ile baridi inayokausha hadi ndani ya pua, nikaona rangi ya waridi kwenye karatasi ya chooni. Haikuwa damu hasa, ilikuwa kivuli cha damu. Miadi ya kupimwa ilikuwa karibu, nikasema nitangoja.

Daktari wangu, yuleyule aliyenipasua, ana tabia ya kuongea muda wote anapokupima. Anakuuliza watoto wa basi, anakusimulia mbwa wake, ili usijikaze. Siku ile alikuwa anasimulia jinsi mbwa alivyokula glavu yake. Alikuwa hajamaliza sentensi, akanyamaza.

Nilisubiri aseme kilichompata mbwa. Hakusema. Nilisikia tu chuma kikiguswa na chuma.

"Kuna kitu nataka kukipima," akasema mwishowe.

Majibu yalipokuwa tayari niliitwa nije na mtu. Furaha akaingia pamoja nami. Huyu binti yangu anaelewa Kiswahili chote, hata cha kugombezwa, lakini tangu alipoanza shule hujibu kwa Kiingereza. Nimeshachoka kumsema. Mkalimani siku hiyo nilimkataa, nikasema Kiingereza nitakielewa.

Na nilikielewa. Huo ndio ukweli. Daktari alikaa, akaongea polepole, na kila neno nililijua. Lakini maneno hayakuungana. Niliona midomo yake inatembea, nikaona kalenda ukutani ina picha ya ziwa, nikawa nawaza kwamba kwenye ziwa hilo barafu lazima sasa imefika unene wa kupitisha gari juu yake. Nikageuka kwa Furaha kama mtu asiyejua lugha.

Furaha akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Mama," akasema. "Imerudi."

Kwa Kiswahili. Neno moja, limenyooka, bila lafudhi yoyote. Sikumbuki mara ya mwisho kuisikia sauti yake katika lugha yangu, na hilo ndilo neno lililotoka. Nilitaka kuziba mdomo wake kwa mkono, nilirudishe ndani.

Ilikuwa imerudi juu kabisa ya uke, kwenye mshono, palepale kizazi kilipokatwa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Ingerudi kwenye mapafu ningesema ni ugonjwa. Lakini kwenye mshono? Palepale mkono wa mtu ulipopita?

Tusa alikuja jioni hiyo. Safari hii hakuja na sufuria. Alikaa sebuleni akatikisa kichwa, akasema, "Si nilisema? Nimeuliza kazini. Wanaingiza kifimbo huku chini, kinakaa ndani ya kizazi chenyewe, wanakigeuzageuza ili roboti ione. Unageuzaje kitu chenye kansa, wifi? Si unaimwaga?"

Baba Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Katika ndoa yetu yote nilikuwa sijamsikia akimpandishia dada yake sauti.

"Tusa, nenda kwako," akasema.

"Kaka, mimi namtetea mkeo."

"Nenda kwako."

Akaenda. Mume wangu akaingia gereji, akakaa huko na mlango umefunguliwa, baridi yote ile. Mimi nikabaki na kile kifimbo kichwani. Nilikula nacho, nikalala nacho. Nikienda kuoga nakiona.

Kwenye miadi iliyofuata niliagiza mkalimani, maana nilitaka kila neno lifike. Safari hii alikuwa mama wa makamo, sauti tu, kwenye simu. Nikamwambia daktari, "Uliniingiza kifaa ukakigeuza kizazi changu kikiwa na kansa ndani. Je, ni wewe uliyeimwaga?"

Mkalimani alisita. Nikamwambia, "Mtafsirie hivyohivyo."

Daktari aliweka kalamu chini. Akasogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Nilikitumia kifaa hicho," akasema. "Wengi wetu tunakitumia. Wapo watafiti wanaojiuliza kama kinaweza kusukuma chembe za saratani. Wengine wameangalia hawakuona tofauti. Saratani yako hupenda kurudi mahali hapo, hata kwa wanawake waliopasuliwa tumbo. Siwezi kukuapia kwamba haikutokana na upasuaji. Siwezi pia kukuambia kwamba ilitokana nao."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Na wewe umewahi kujiuliza?"

"Tangu siku niliyoiona," akasema. "Ndiyo."

Nilikwenda pale kutafuta mkosaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa daktari wa kujitetea, na mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno ya kumjibu. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayesema sijui akiniangalia machoni. Nilikasirika zaidi kwa muda, kwa sababu hasira yangu ilikosa pa kutua. Kisha akasema jambo la pili: kwa kuwa imerudi sehemu moja tu, na sijawahi kupigwa mionzi, wana nafasi nzuri ya kuimaliza. Nilikuwa nimeshajifunza. Nikamuuliza, "Nafasi nzuri maana yake nini? Wapo ambao haikuwafaa?" Akasema wapo. Nikamshukuru.

Mionzi ilianza Februari, kila siku ya kazi. Walinichoma nukta za wino nyongani ili mashine ijue pa kulenga. Mama yangu angefufuka angeuliza chale hizi nimepigwa na mganga gani. Sharti lake ni kibofu kijae, maana kikijaa kinasukuma utumbo ukae mbali na mionzi. Basi chumba kile cha kusubiri kilikuwa cha watu wazima waliobana mikojo. Kulikuwa na mzee mmoja Mzungu, mkulima mstaafu, yeye na saratani yake ya tezi dume. Tulikuwa hatujui lolote la maisha ya wenzetu ila tulijua nani amekunywa maji saa ngapi. Siku mashine iliposimama kidogo, mzee akaniangalia usoni, akaniona ninavyobana magoti, akamwambia mhudumu, "Anzeni na huyu mama, mimi nitaimba nisahau mkojo." Na akaimba kweli, kwa sauti mbaya, ukumbi mzima, mpaka nikapitishwa.

Kuharisha kulikuja wiki ya tatu. Ngozi ya huku chini ikaungua kama niliyekalia jiko. Uchovu wake siuwezi kuueleza. Nilikaa kitandani nikitazama soksi na kuona ni mlima. Halafu ikafuata mionzi ya ndani. Wanakuingiza bomba ukeni, wanaliunganisha na mashine, kisha wote wanatoka na mlango mzito unafungwa. Unabaki wewe na kamera. Binti wa mashine alikuwa akiniambia kwenye spika, "Tunakuona, hauko peke yako." Kila mara nilijibu asante, na kila mara nilikuwa peke yangu.

Mwishoni nesi alinipa vifaa vya plastiki laini, vya ukubwa mbalimbali, nivitumie nyumbani ili uke usije ukasinyaa na kuziba. Siku hiyo Baba Furaha aliingia ndani. Sikumwomba. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha pembeni akitazama viatu vyake wakati nesi anaeleza. Nilijua anateseka. Nesi alipouliza kama kuna maswali, nikatikisa kichwa. Yeye akainua mkono kama mwanafunzi.

"Naomba kuuliza," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Nifanye nini nisimuumize?"

Nesi akamjibu vizuri, kwa heshima, kama anamweleza mtu njia ya kwenda mahali. Mimi nilifunika uso kwa mtandio. Haikuwa aibu.

Kanisani katika miezi hiyo mambo yalikuwa magumu. Wengi walileta chakula. Lakini hawakujua wafanye nini na ule ushuhuda wangu wa Pasaka. Mama mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba labda nilikiri uponyaji kabla ya wakati. Wengine walinikumbatia kwa mkono mmoja, kama ninaweza kumwagika. Tusa hakukanyaga kwetu wiki kadhaa, kisha akaanza kunipeleka kwenye mionzi siku zake za mapumziko. Hatukuzungumzia kifimbo tena. Aliendesha, tukasikiliza redio, aliponishusha alisema, "Umekunywa maji, wifi?"

Kiangazi walinipiga picha za mwili mzima, na daktari akanipima kwa mkono. Safari hii mbwa wake alikuwa amekula kiatu, na hadithi ikafika mwisho.

"Leo sioni kitu," akasema.

"Nimepona?"

"Leo sioni kitu. Njoo baada ya miezi mitatu."

Nimekwenda tena, na leo yake imekuwa hivyohivyo. Naishi kwenye hizo leo. Zipo asubuhi naamka nimesahau, nateremka ngazi, nafika hatua ya katikati, mshtuko unanipata upya kama vile Furaha ndiyo kwanza anafungua mdomo. Unapita. Nakamilisha ngazi.

Kama bado hujapasuliwa, muulize daktari wako kizazi chako kitatokaje, kitashikwa na nini, na kwa nini anachagua njia hiyo kwako. Muulize "ndogo" ni ndogo kiasi gani. Sisemi njia yangu ilikuwa mbaya. Wapo wengi waliofanyiwa hivyohivyo na wako salama. Nasema tu uulize kabla, kwa sababu swali likiulizwa baadaye linauma.

Jumapili moja mwezi huu wa Novemba, Mchungaji aliniita mbele. Nilisita, halafu nikaenda. Nikasema, "Mwaka jana nilisimama hapa nikasema nimepona. Ilirudi. Nimetibiwa. Leo daktari haoni kitu. Ninyi kina mama mliokoma hedhi, ukiona damu, hata kidogo, nenda hospitali. Inatoka ukeni, na sioni aibu kusema." Hakukuwa na vigelegele. Kina baba walitazama Biblia zao. Mchungaji alikohoa, akasema amina, kwaya ikaingia haraka.

Ibada ilipokwisha nilikuwa kwenye chumba cha makoti natafuta glavu zangu. Mama Njeri akaingia. Ni Mkenya, anakaa Champlin, tumekuwa tukisalimiana miaka bila kuzungumza lolote la maana. Akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Furaha, hiyo damu ulikuwa unaona, ilikuwa mingi?"

"Hapana. Mwanzo nyingi kidogo. Iliporudi ilikuwa rangi tu."

"Na ilikuwa inauma?"

"Haikuuma."

Akafunga zipu ya koti lake hadi kidevuni. Akaifungua tena.

"Yangu pia haiumi," akasema. "Ni tangu Juni."

Sikumuuliza kwa nini alingoja. Nikamkalisha kwenye benchi la kuvulia viatu, nikatoa simu. Kliniki yetu ina nesi wa simu hata Jumapili. Nikampigia, nikamweleza kuna mama amekoma hedhi na anatokwa na damu. Nesi akauliza mgonjwa ni nani.

Nikamgeuzia Mama Njeri simu. Aliitazama kama kitu cha moto. Nje ya mlango watoto walikuwa wanakimbizana, mtu anaita majina yao waje wavae kofia. Akaichukua kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Ni mimi," akasema.